Mashine ya Kutaja Waliotoka

Nilichoka kabla sijafika. Pikipiki ilizima nyuma ya mtaa wa Kasulo, hapa Kolwezi, kwenye kile kipande cha njia ambacho malori yamekigeuza unga, na mimi na dereva tukaisukuma huku vumbi jekundu likitafuta kila tundu la mwili: pua, masikio, chini ya mtandio, hata ndani ya mfuko wa kompyuta nilioufunga kwa plastiki. Mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa inangojwa na kila mtu. Mimi niliingoja kwa sababu ya vumbi tu. Mengine ya mvua sikuyafikiria.

Aliyeniita ni tata Numbi, tata kama tunavyowaita wazee, mwendeshaji wa kompresa katika uwanja wa kooperativi moja ya wachimbaji wa shaba na kobalti, ba-creuseur kwa lugha ya hapa. Alinipigia simu asubuhi, na jana yake, na kabla ya hapo, kila mara kwa maneno yaleyale: "Mama Shida, mashini ya kaka yako inarudilia majina. Kuya uitengeneze." Mashine ya kaka yako! Kila kitu alichowahi kuunda Swedi katika mji huu, kikikohoa kidogo tu, naitwa mimi. Mwenyewe aliacha kompyuta akarudi kwenye malori, kazi ya ukoo wetu tangu babu alipotoka Kasongo, na sasa anakaa kwenye foleni ya mpakani akila ndizi za kuchoma, wakati mimi nafungua vifuniko vya vitu alivyovifunga kwa haraka. Nampenda kaka yangu. Ila siku hiyo ningempata karibu, ningemtia kofi.

Nieleze mashine yenyewe kwanza. Uwanja una uzio wa mabati, na ndani yake kuna shimo refu, refu kiasi kwamba hewa hupelekwa chini kwa mpira unaotoka kwenye kompresa ya tata Numbi. Kwenye mdomo wa shimo kuna kisanduku cha kusoma kadi. Mchimbaji akishuka anagusisha kadi yake, akipanda anagusisha tena. Akipanda, spika iliyofungwa juu ya mlingoti hutangaza: "Samy ametoka," "Mechack ametoka," kwa sauti ya kike inayotamka Kiswahili kama mtu wa pwani mwenye mafua. Wanawake hawaruhusiwi kuvuka uzio. Basi wake na mama za wachimbaji huuza chakula nje, mikono ikiwa kwenye sufuria na masikio yakiwa kwenye ule mlingoti. Tata Numbi naye husikiliza, na wote walioshuka wakishatajwa, huzima hewa.

Mtu akishuka, mashine hukaa kimya. Hilo waliliomba wachimbaji wenyewe, maana katika shimo lile mtu aliye chini haitwi jina. Haitwi na mtu, haitwi na spika. Wanasema shimo likisikia jina lako limeshakujua, na mtu aliyejulikana na shimo hashuki tena, kwa kuwa hakuna mwenzake atakayekubali kushuka naye. Wakimtaka aliye chini huvuta kamba. Mimi ni mtoto wa nyumba ya Kiislamu, nimesomea kompyuta Lubumbashi, na sikuamini. Lakini sikucheka pia. Watu wanaoingia mle ndani wana haki ya kuogopa wanachotaka.

Kompyuta ya mashine iko kwenye kontena lililowekwa langoni, mahali pa mwisho mwanamke anaporuhusiwa kufika, mlango mmoja ukitazama uwanja na dirisha moja likitazama wauza chakula. Tata Numbi alinipokea hapo. Ni mwanaume mnene, wa taratibu, na kofia ya plastiki isiyomtosha ilikuwa imekaa juu ya kichwa chake kama kifuniko cha birika.

"Inarudilia namna gani, tata?" nikamuuliza.

"Inasema Samy ametoka, Samy ametoka, mara mbili. Na Muamba, mwenye alitoka mbele yake, haimusemi. Basi Muamba anakuya kwangu: tata, niko hapa, unione. Na mi namuona, tunaendelea."

"Ni kila siku?"

"Ni wakati batu banapanda mingi pamoja. Mumoja mumoja, inasema muzuri tu."

"Na mwenye hasemwi, anakuya kujionyesha."

"Ee. Njo tulizoea bile."

Nimelichoka neno hilo kuliko maneno yote ya Kolwezi. Umeme unatoka hapo kwenye bwawa la Nzilo, karibu hivi, na kila jioni unakatika, tumezoea. Maji ya bomba ni mekundu, tumezoea. Tata Numbi alisema vile bila kulalamika, akarudi kwenye kompresa yake, na mimi nikakaa kwenye kiti kisicho na mgongo nikafungua kompyuta yangu.

Dirishani alikuwepo Jémima, mwanamke mdogo wa kimo mwenye beseni la sombe, kisamvu chetu, na sufuria ya bukari, yaani ugali, iliyofunikwa kwa kitambaa. Mume wake, Sadrack, alikuwa mmoja wa wachimbaji wa pale. Bila kuulizwa alinipitishia kikombe cha chai. "Kunywa, yaya Shida. Uso yako inasema haukulala." Yaya kwetu ni mkubwa wako, awe wa kike au wa kiume. Nilikuwa nimelala, na ndilo lililonichosha zaidi, kwamba mtu analala na kuamka na uchovu uko palepale unamngoja. Nikanywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi na nikaipenda.

Sadrack mwenyewe alitoka kula nilipokuwa nafungua faili za Swedi. Spika ilimtaja sawasawa, "Sadrack ametoka," akaja nje ya uzio, akachuchumaa mbele ya mke wake, akala haraka. Kijana mrefu, mabega yamejaa udongo wa kijani wa shaba. Alisema bukari ya leo ni laini kama ya wagonjwa. Jémima akamjibu kuwa wagonjwa hawaongezi mara mbili. Akaongeza mara ya tatu, makusudi. Nikageuza uso nikarudi kwenye kazi yangu.

Programu ya Swedi ina sehemu mbili. Sehemu kubwa ameiandika kwa Python, lugha yenye huruma, inayokuokotea kila unachoangusha. Sehemu ya sauti ameiandika kwa C, kiungo cha kuchomekwa kwenye Python kutoka chini, kwa sababu kale kakompyuta ka kontena kalikuwa kanachelewa. C haina huruma na mtu. Jina likisomwa kutoka kwenye kadi, Python hulitengenezea nafasi yake katika kumbukumbu, kisha huhesabu ni mikono mingapi inayolishika. Mikono ikiisha, jina hufutwa na nafasi hupewa jina lingine linaloenea humo. C ikitaka kusoma herufi za jina hilo, huita PyUnicode_AsUTF8 na kupewa anwani: herufi ziko pale. Imeonyeshwa tu. Haikukabidhiwa kitu. Ukitaka jina likungoje, ni juu yako kusema kwamba nawe umelishika, au unakili herufi zake uziweke kwako.

Swedi hakushika wala hakunakili. Alichukua anwani, akaipanga kwenye foleni ya sauti, akaenda zake. Na sauti yenyewe ni ya polepole. Wakipanda watu wengi kwa pamoja, foleni inakua, na zamu ya jina inapofika, Python imeshaliachia zamani na nafasi yake imepewa jina la mtu aliyefuata. Sauti inakwenda kwenye anwani, inakuta herufi, inazitamka. Haijui kuwa ni za mtu mwingine. Majina mafupi kama Samy, Muamba, Mechack na Sadrack yanaenea katika nafasi za ukubwa mmoja, kwa hiyo ndiyo yaliyokuwa yanakaliana.

Nikampigia Swedi. Nyuma yake zilisikika honi za malori.

"Yaya, hii kitu ya sauti, uliijaribu mbele ya kubapatia?"

"Shida, hata salamu?"

"Salamu itakuya. Uliijaribu?"

"Niliijaribu sana! Niligonga haraka haraka, kama batu makumi banatoka pamoja. Haikukosa hata moja."

"Na majina gani?"

"Ba-creuseur balikatala. Balisema mashini isiseme majina yabo kama beko chini, hata ya kujaribu. Na balikuwa na haki, sha. Basi nikapatia kila mutu herufi moja. A ametoka, b ametoka, c ametoka. Ilisema bien kabisa."

Nikafumba macho. Herufi moja moja, Python huzitengeneza mara moja tu na kuziweka. Haizifuti kamwe, hata kama hakuna mkono unaozishika. Anwani ya *a* leo ndiyo anwani ya *a* mpaka mashine izimwe. Katika maneno yote ya dunia, Swedi alijaribu kwa yale tu yasiyokufa, na aliyachagua kwa sababu aliheshimu hofu ya watu. Nilikuwa nimeandaa matusi tangu nilipokuwa nasukuma pikipiki. Sasa hasira yangu ikakosa pa kukaa, na hilo lilinichosha kuliko kugombana.

"Ni mubaya?" akauliza.

"Sijajua bado. Nitakupigia."

Nje, mwanga ulikuwa umebadilika. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa mto, meusi chini, na upepo ulianza kupiga mabati ya uzio. Sadrack alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Unaenda wapi? Hauone mvula?" Jémima akamwambia.

"Sac yangu ya mawe iko chini. Mvula ikinyesha maji itaikula yote. Naitoa, narudi."

Akaingia langoni kwa mwendo wa haraka. Wachimbaji wengine, waliokwisha kupata harufu ya mvua kupitia mpira wa hewa, walikuwa wameanza kupanda mmoja baada ya mwingine. Spika ikaanza: "Samy ametoka. Muamba ametoka." Baada ya muda kidogo ikasema: "Sadrack ametoka."

Jémima akapumua kwa nguvu. "Afazali. Ameona mawingu." Akaanza kukusanya mabeseni yake. Mume wake angeenda kwanza kwenye pipa la kuogea nyuma ya uwanja, maana mchimbaji hagusi mtu wala hasalimii kabla hajaosha udongo, halafu wangekwenda nyumbani pamoja. Hayo aliniambia mwenyewe, akicheka kwa kuwa leo wangewahi.

Mimi nikavaa spika za masikioni nisije nikasumbua uwanja, nikafungua nakala ya programu kwenye kompyuta yangu. Nilitaka majina kamili, na nilitumia ya watu niliojua hawako chini: la kwangu, la Swedi, la Numbi. Nikajaribu kwanza kutoka na kutoka. Shida atoke, Swedi atoke. Masikioni nikasikia: Swedi ametoka, Swedi ametoka. Vizuri, ndiyo ile ya Samy. Ilikuwa imebaki kuandika marekebisho na kuondoka kabla ya mvua, na nilitamani kitanda changu kwa kweli. Lakini nilipokuwa nasoma tena ule mstari wa anwani, nikajiuliza swali moja. Mtu anayeshuka hatajwi, lakini kadi yake inasomwa. Jina lake nalo linatafutiwa nafasi.

Nikajaribu. Shida atoke, na palepale Swedi aingie.

Masikioni, ile sauti ya mafua ikasema: Swedi ametoka.

Nikarudia. Shida atoke, Numbi aingie. Numbi ametoka. Na Shida hatajwi popote. Kwa hiyo mashine haikuwa inarudia majina tu. Ilikuwa na uwezo wa kumtaja mtu ametoka katika dakika ileile anayoshuka. Na yule aliyetoka kweli, asiyetajwa, angekwenda kwa tata Numbi kujionyesha, kama walivyozoea, na hesabu ya tata Numbi ingekaa sawa kabisa.

Nikavua spika za masikioni. Mvua ilikuwa inapiga bati la kontena. Chini ya kelele ya mvua hapakuwa na kelele nyingine. Kompresa ilikuwa imezimwa.

Niliuliza programu ya uwanjani: nani yuko chini? Upande wa Python haukuwa na kosa, yenyewe majina ya walioko chini imeyashika kwa nguvu. Ikajibu jina moja. Sadrack.

Sijui nilitokaje kontena. Nakumbuka matope, na mwanaume mmoja akipiga kelele kuwa mwanamke haingii, na mimi nikimpita. Tata Numbi alikuwa ameshafunika kompresa kwa turubai na anafunga kamba za pembeni. Kamba ya shimo nayo ilikuwa imevutwa juu, imekunjwa vizuri kando ya mdomo.

"Tata, washa hewa! Sadrack eko chini."

"Sadrack ametoka, mama. Mashini ilisema. Nilisikia na masikio yangu."

"Ulimuona?"

"Mashini ilisema."

"Mashini ilimusema pahali pa mutu mwingine. Ni nani alikuya kujionyesha kwako leo?"

Numbi akageuka. Mechack alikuwa amesimama chini ya kibanda, ana maji mwili mzima, sabuni bado sikioni. "Ni mi," akasema. "Haikunisema. Nikakuya kwa tata. Sadrack nilimupita ku mudomo wa shimo, halafu nikasikia ametoka."

"Ku kuoga, ulimuona Sadrack?"

Mechack akakimbia nyuma ya uwanja kwenye pipa, akarudi peke yake.

Tata Numbi ni mtu wa taratibu lakini si mjinga. Alilitoa turubai kwa mkono mmoja, akavuta kamba ya kuwashia. Kompresa ikakohoa ikanyamaza. Akavuta tena. Maji yalikuwa yameingia mahali, akaanza kufungua kitu kwa spana huku midomo yake ikienda bila sauti. Maji mekundu yalikuwa yanatambaa kuelekea shimoni na watu wawili wakayazuia kwa magunia. Mechack akajifunga kamba kiunoni. Kisha akasimama pale, na nilimwelewa. Chini mle kuna njia mbili, moja kushoto na nyingine kulia, na hewa iliyobaki haimtoshi mtu kutafuta kote kuwili.

Wakapiga kelele. "Oyee! Wa kule chini! Oyee!" Wakasikiliza. Hakuna kitu. Wakapiga tena. Mtu aliyeleweshwa na hewa mbovu haitikii oyee, hiyo ni kelele kama kelele nyingine. Kila mmoja pale alijua ni neno gani lingemwamsha, na hakuna aliyelitoa. Nami nilikuwa nimelishika kinywani. Nilisema siamini, si ndivyo? Lakini nilipowatazama wale wanaume, mdomo wangu ulikataa. Niliogopa kuwa mimi, mgeni, dada wa mwenye mashine, ndiye nitakayemfanyia hivyo.

Jémima alikuja kutoka langoni bila kukimbia. Mikono yake bado ilikuwa na kijani cha sombe. Hakuna aliyemzuia. Akapiga magoti kwenye matope, akashika ukingo wa shimo, akaita.

"Sadrack!"

Mwanaume mmoja akashika kichwa. Tata Numbi akaacha spana hewani. Kutoka chini, mbali, upande wa kushoto, ikatoka sauti nyembamba, ya mtu anayeamshwa usingizini: "Ee!"

"Kushoto!" akasema Mechack, na akaanza kushuka watu wakimlegezea kamba. Kompresa ikakohoa, ikashika, ikanguruma. Mpira wa hewa ukajaa, ukatikisika kama mkono unaoamka. Punde tukamsikia Mechack kutoka chini akipiga kelele kwamba amempata, kwamba anapumua, tungoje amfunge. Nikakaa chini palepale kwenye matope.

Ndipo Jémima akavuta pumzi akaita tena. Safari hii taratibu, na kwa sauti kubwa zaidi, jina lote: lake, la baba yake, la kijiji chao upande wa Mutshatsha. Aliyatamka yote juu ya mdomo wa shimo, uso ukiwa umegeuka nusu kuwatazama wanaume waliosimama nyuma yake. Kisha akainuka akapanguza magoti.

Sadrack alipotolewa alitapika, akalala kifudifudi kwenye mvua, akapumua. Tulimwacha apumue. Alipoweza kuketi, alimtazama kila mmoja wetu, na neno lake la kwanza halikuwa asante.

"Ni nani aliita jina yangu?"

"Ni mi," akasema Jémima.

Sadrack akafunika uso kwa viganja vyake vyenye udongo. Wenzake walikuwa wamefurahi, nililiona hilo, wengine macho yalikuwa yamewajaa machozi. Mechack mwenyewe alimshika bega. Hata hivyo walikuwa wanasogea nyuma kidogo kidogo, bila kukusudia, na Samy aliokota viatu vya Sadrack vilivyokuwa kando ya shimo akaenda kuviweka langoni, nje ya uzio.

Nilirudi kwenye kontena kwa sababu kesho watu wengine wangeshuka. Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache tu: kunakili herufi za jina zikiwa bado ziko mahali pake, kuiweka nakala kwenye foleni, na kuiachilia baada ya sauti kuitamka. Ningeweza kulishika jina lenyewe kwa Py_INCREF, lakini sauti hufanya kazi pembeni, mbali na kufuli la Python, na sikutaka kumwachia mtu mtego mwingine. Tata Numbi alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi. Akasema kwa kuwa wote wako juu, nichukue majina yao yote nijaribu, kila jina, hata usiku uingie. Nikayajaribu. Mashine ikayataja vizuri, moja moja, haraka na taratibu. Numbi alisikiliza mpaka mwisho bila kukaa.

Nikampigia Swedi nikamweleza. Aliniuliza swali moja, kama amekufa. Nikasema hapana. Nikamsikia analia ndani ya lori, mtu mzima, honi zikimpigia asogee mbele. Sikuwa na nguvu ya kumtuliza. Nilimwambia atafute pa kuegesha.

Mvua ilipopungua Jémima akaja, safari hii akaingia ndani kwa mlango. Alikuwa na kadi ya Sadrack, imelowa, akaiweka mezani mbele yangu. Kupitia dirishani nilimwona mume wake amekaa juu ya sufuria iliyogeuzwa, amejifunika kitenge cha mke wake, ametazama barabara.

"Futa jina yake mu mashini," akasema.

"Ye amekubali?"

"Amekasirika. Anasema, ikifika kipwa, mvula ikiisha, benzake batasahabu, atarudi." Akasukuma kadi karibu nami. "Tutaenda kwetu Mutshatsha. Kuko mashamba. Kuko miti ya kuchoma makala. Njala iko, mi najua. Futa tu, yaya."

Nikaichukua kadi. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutotaka kujua chochote zaidi cha mtu yeyote, lakini swali lilitoka lenyewe.

"Jémima, aliitika mara ya kwanza. Mi nilisikia. Hata Mechack alikuwa amesema amemupata."

"Na mi nilisikia."

"Basi ile ya pili uliitia nini?"

Akatazama dirishani, kule mume wake alikokuwa amekaa.

"Ya kwanza, nilitaka kujua kama eko muzima," akasema. "Ya pili, nilitaka benzake basikie."

Nikalifuta jina.